Kerezo la Bei Nafuu kwa Anayeanza: Mashine Tatu Nilizozifanyia Kazi

Kwa miaka miwili na miezi kadhaa nimekuwa nikikereza mbao, yaani kuzichonga kwa patasi zikizungushwa na mashine iitwayo kerezo, kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yetu mjini Tanga, mwanzo kwa kujifurahisha tu, kisha kwa oda ndogo ndogo za michi, miguu ya stuli, vipini vya patasi na mabakuli ya kuwekea matunda. Katika muda huo nimefanyia kazi mashine tatu za aina tatu tofauti, zote za bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikia akijibana. Ya kwanza niliinunua kwa pupa na nikajuta. Ya pili haikuwa yangu. Ilikuwa ya fundi wa kuchomelea vyuma aliyeiunda mwenyewe, akaniruhusu kuitumia kwa miezi minne kwa makubaliano kwamba nichangie umeme. Ya tatu ndiyo niliyo nayo hadi leo. Tathmini hii inamhusu mtu anayesimama pale niliposimama mimi siku ile, fedha mfukoni, mbele ya mashine iliyopakwa rangi ya kung'aa, asijue amwulize muuzaji jambo gani.

Niseme mapema msimamo wangu ili msomaji asisumbuke kuutafuta. Mambo mawili yanayoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, yaani urefu wa mti unaoweza kuingia na ukubwa wa mota, ndiyo yaliyonisaidia kidogo kuliko yote. Yaliyoamua kama nitakereza au nitahangaika ni mengine, na hakuna hata moja lililoandikwa juu ya boksi nililolinunua: mwendo wa chini kabisa wa mashine, uzito wa chuma chake, aina ya nyuzi (kama zile za skrubu) na tundu la shafti yake, yaani mhimili unaozungushwa na mota, na swichi. Hilo la swichi nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonitia hofu.

Kwa asiyeijua, mashine hii ina kitanda, ambacho ni reli ndefu inayobeba kila kitu. Ina kichwa, chenye shafti inayozungushwa na mota kwa mkanda. Ina mkia, unaoteleza juu ya kitanda na kuubana mti kutoka upande wa pili. Na ina kiegemeo, ambacho patasi hulazwa juu yake wakati mti unazunguka. Mkerezaji hasukumi mti kwenye chombo. Anausubiri mti umjie, naye anaongoza makali tu. Kwa hiyo kiegemeo kikicheza, makali yanacheza, na makali yakicheza mti unayanasa.

Mashine ya kwanza niliipata Dar es Salaam, katika mojawapo ya maduka ya vifaa vya useremala kule Kariakoo. Ni aina inayouzwa kwa majina mengi na rangi nyingi, ila umbo lake ni lile lile: kitanda cha bati nene lililokunjwa, nafasi ya mita 1 kati ya ncha mbili zinazoubana mti, ya kichwa na ya mkia, uwezo wa kuzungusha kipande chenye kipenyo cha sentimita 28, mota ya wati 400, na miendo 4 inayobadilishwa kwa kuhamisha mkanda kutoka puli moja hadi nyingine. Mita 1 ilinipumbaza. Nilijiona nikikereza miguu ya kitanda kabla hata sijajua kukereza mchi, nikailipia bila kuuliza swali la pili, na nikaibeba mwenyewe hadi stendi ya mabasi. Kule kuibeba mwenyewe, na pumzi zikabaki, kulitosha kunishtua, lakini sikushtuka.

Nilipoifunga mezani na kusogeza mkia hadi ncha yake ikutane na ncha ya kichwa, ncha hizo mbili hazikukutana. Zilipishana kwa milimita 3 hivi, moja juu na nyingine chini, na kila nilipokaza mkia upya zikapishana kwa namna mpya. Kwa kukereza mguu wa stuli kasoro hiyo huvumilika, kwa kuwa mti unazunguka kati ya ncha hizo popote zilipo. Kwa kutoboa tundu kwenye kipini kwa kekee iliyofungwa kwenye mkia haivumiliki hata kidogo: kekee inaingia ikiwa imeinama, inapanua mdomo wa tundu, na kipini kinatoka kimekaa upande. Nilipiga simu dukani. Jibu nililopewa linajulikana na kila aliyewahi kununua kitu mjini: mali ikishauzwa hairudi. Nilitia vipande vya bati la kopo chini ya kichwa, nikapunguza tofauti hadi kufikia milimita 1, nikaendelea.

Kiegemeo chake kilikuwa kirefu na chembamba, kimeshikwa na bolti moja. Nilipokereza karibu na ile bolti, kazi ilikwenda vizuri. Nilipoifikisha patasi kwenye ncha ya kiegemeo, chuma kilipinda kwa uzito wa mkono wangu tu, makali yakashuka chini ya kitovu cha mti, na mti ukanyakua patasi kwa kishindo kilichoacha jeraha la mzunguko ambalo hakuna msasa uliolifuta. Wakerezaji wote wananaswa, na kwa anayeanza sehemu kubwa ya lawama ni ya mkono wake. Ila nilipokuja kufanya kosa lile lile kwenye chuma kizito, mti ulinguruma na kunionya kwanza. Kwenye bati hili haukunguruma, ulinyakua moja kwa moja.

Jambo zito zaidi lilikuwa mwendo. Mwendo wa chini kabisa wa mashine hii ni takriban mizunguko 900 kwa dakika. Namba hiyo haimtishi mtu mpaka apige hesabu. Kipande chenye kipenyo cha sentimita 25 kikizunguka mara 900 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu mita 12 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 40 kwa saa, na hicho ni kipande kilichokatwa kwa msumeno tu, hakijawa mviringo, upande mmoja mzito kuliko mwingine, nawe umesimama mbele yake. Wakerezaji wana kanuni rahisi ya kukadiria mwendo: zidisha kipenyo kwa inchi na mizunguko kwa dakika, na jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 kwa kanuni hiyo linataka mizunguko 600 hadi 900, na mwendo huo ni wa kipande ambacho tayari kimeshakaa sawa. Kipande kisicho sawa kinataka kuanza chini zaidi ya hapo. Nilipofunga kipande changu cha kwanza cha mwembe na kuiwasha, meza nzima ilitembea sakafuni kama mbuzi anayevutwa kamba. Nilizima, na tangu siku hiyo sikuiwashia tena kitu chochote kinachozidi inchi 5. Kumbe sentimita 28 zilizoandikwa kwenye boksi ni kweli zinaingia. Kinachokosekana ni mwendo wa kuzikereza kwa usalama.

Sasa swichi. Mashine hii ilikuwa na swichi ya kawaida ya kubonyeza upande huu au ule, kama ya taa. Jioni moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kazi, jambo ambalo halikunishangaza. Nikaweka patasi chini, nikaingia ndani kutafuta tochi, nikasahau kuizima. Niliporudi nililegeza kiegemeo ili nikisogeze, mkono wangu wa kushoto ukiwa juu ya mti, nikapata wazo la kwenda kufunga dirisha kwanza. Nilikuwa nimefika dirishani umeme uliporudi. Mashine ilianza kuzunguka yenyewe gizani, kiegemeo kilicholegea kikapigwa, kikaruka na kugonga ukuta kwa sauti iliyomfanya mama atoke jikoni akiuliza nani ameanguka. Tangu hapo swali langu la kwanza juu ya mashine yoyote ni hili: umeme ukipotea na kurudi, itajiwasha? Mashine zilizotengenezwa kwa uangalifu zina swichi yenye sumaku ndani ambayo hujiachia umeme unapopotea, na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani kwa mkono wake. Swichi hiyo ni kitu kidogo, na fundi umeme yeyote anaweza kuifunga kwenye mashine isiyo nayo, lakini lazima mnunuzi ajue kuiulizia. Dukani ni rahisi kujaribu: iwashe mashine, chomoa waya ukutani, subiri isimame, rudisha waya. Ikizunguka tena bila kuguswa, omba punguzo la bei ya swichi au ondoka.

Nilimuuzia mashine ile kijana anayetengeneza fremu za picha, nikamweleza kasoro zake zote, naye akanijibu kwamba anataka kukereza vifundo vidogo vya pembeni tu na kwamba kwa kazi hiyo inamtosha. Ni kweli inamtosha. Siidharau kwa mtu mwenye kazi nyembamba na ndefu: nguzo za ngazi, miguu ya stuli, vijiti vya mapazia. Kwa mabakuli haifai kabisa, na mashine za aina hiyo huwa na shafti yenye nyuzi ambazo ukienda kutafuta chaki (kibanio cha kushikia mti) ya kuzifaa unahangaika.

Mashine ya pili ilinifundisha mengi kuliko ile ya kwanza na hii ya tatu kwa pamoja. Anayezitembelea karakana za Gerezani kule Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi, anafahamu kwamba hakuna mashine ambayo mafundi wale hawawezi kuiunda wakipewa mfano na muda. Fundi wangu wa Tanga aliunda kitanda kwa vyuma viwili vizito vya umbo la U vilivyolazwa sambamba, akafunga shafti ya milimita 30 kwenye beringi mbili zenye nyumba zake, zile zinazouzwa kwa ajili ya mashine za kusaga nafaka, na akaweka mota ya hospawa 1 yenye mizunguko 1,400 hivi, aliyoitoa kwenye pampu ya maji iliyokufa. Mikanda ni ile ya umbo la V aina ya A, inayopatikana katika kila duka la vipuri vya mashine za kusaga.

Uzuri wa mashine hiyo ulikuwa uzito wake. Watu wanne waliinyanyua kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Ukifunga kipande kilichopinda, mtikisiko unaishia ndani ya chuma. Uzuri wake wa pili ulikuwa kwamba mwendo ulikuwa suala la hesabu ya puli tu: puli ya inchi 2 kwenye mota ikizungusha ya inchi 6 kwenye shafti, mizunguko 1,400 inashuka hadi 470 hivi, na hiyo inatosha kabisa kuanzia bakuli. Ukitaka kung'arisha mchi unahamia kwenye puli mbili zinazolingana, unapata 1,400 kamili. Kwa miezi minne nilikereza pale michi ya mpera, miguu ya meza ya mtiki, na hata jozi mbili za miguu ya kitanda kwa mzee mmoja aliyetaka iigwe kutoka kwenye kitanda cha samadari alichorithi kwa bibi yake. Tulikilaza kile kitanda cha kale ubavu na nikakaa saa nzima nikikipima kwa kalipa ya kupimia unene. Aliyekikereza alikuwa na jicho ambalo mimi bado sina, kwani kila pete iliingia kwenye pete ya jirani yake bila hata upana wa ukucha kupotea.

Kasoro zake nazo ni kubwa, na ni za aina inayomlenga hasa mtu anayeanza. Mikanda na puli zilikuwa wazi kabisa, karibu na kiuno cha mfanyakazi, na ilibidi nimsihi fundi kwa wiki mbili kabla hajachomelea kizuizi cha wavu. Shafti ilikuwa ngumu bila tundu, na sahani ya kufungia mti ilichomelewa moja kwa moja kwenye ncha yake. Maana yake ni kwamba kila kitu kinachouzwa duniani kwa ajili ya kukereza, iwe chaki ya taya nne, iwe ncha yenye beringi, iwe kishika kekee, hakikuingia. Bakuli lililotoka pale lilibaki na matundu ya skrubu kwenye kitako, nami nikajifunza kuyaziba kwa gundi na unga wa mbao na kujifanya siyaoni. Ncha ya mkia haikuzunguka pamoja na mti. Ilikuwa bolti iliyochongwa, ikausugua mti mpaka ukatoa moshi, na dawa yake ilikuwa tone la mafuta ya kula kila baada ya dakika chache.

Kama fundi wako yuko tayari kukusikiliza, kasoro hizo zote zinaepukika, lakini lazima umweleze kabla hajakata chuma. Shafti ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kukereza chuma, itobolewe katikati, ichongwe tundu la mchongoko, linalopungua upana kuelekea ndani, la kipimo kiitwacho Morse namba 2, na nje yake ikatwe nyuzi za kipimo kinachojulikana. Vituo vya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mikoani ni mahali pazuri pa kuulizia nani katika mji wako anaweza kuichonga kazi hiyo kwa usahihi. Fundi wangu aliniambia angeifanya akiwa na oda ya pili, na oda ya pili haikuja.

Nimetaja nyuzi mara kadhaa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea bila kujua. Ncha ya shafti ya mashine ya kukereza ina nyuzi za nje ambazo chaki na sahani hujifunga juu yake. Mashine nyingi zinazotoka Marekani, na zile za Kichina zilizonakiliwa kutoka kwao, hutumia inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa kila inchi. Barani Ulaya kipimo cha M33 (kipenyo cha milimita 33) kwa hatua ya milimita 3.5 kutoka uzi hadi uzi kimeenea. Mashine ndogo zaidi hutumia robo tatu ya inchi yenye nyuzi 16. Ukiwa na kimojawapo cha vipimo hivyo vitatu, chaki utaipata, hata ikibidi uagize. Ukiwa na kipimo kingine, utaishi kwa kutafuta vigeuzi, na kigeuzi huongeza urefu, na urefu huongeza mtikisiko. Vivyo hivyo kwa tundu la ndani: Morse namba 2 ndiyo yenye vifaa vingi, namba 1 inafaa kwa kazi ndogo, na mashine isiyo na Morse yoyote iache pale pale ilipo.

Mashine ya tatu, ambayo ni ile niliyopaswa kuinunua tangu mwanzo, ni fupi mno kwa kuitazama. Kitanda chake ni cha chuma cha kusubu, nafasi kati ya ncha ni inchi 18, kipenyo kinachoingia ni inchi 10, na mota ni ya nusu hospawa. Ina miendo 5, wa chini ukiwa mizunguko 500 hivi, nyuzi za inchi 1 kwa 8, Morse namba 2 kichwani na mkiani. Uzito wake ni kilo 40 kasoro kidogo. Niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa mtu aliyehamia mkoa mwingine, na niliikagua kwa nusu saa mbele ya macho yake bila haya. Nilisogeza mkia, ncha zikabusiana. Nilizungusha shafti kwa mkono mkanda ukiwa umelegezwa, nikaweka sikio kwenye kichwa kusikiliza kama beringi zinakwaruza. Nilishika shafti kwa mikono miwili na kujaribu kuitikisa juu na chini. Ikicheza hata kidogo, ama beringi zimekwisha au nati imelegea. Nilikaza kiegemeo na kukilalia kwa uzito wangu. Nilifanya lile jaribio la kuchomoa waya. Mwisho nilisimamisha sarafu ya shilingi 200 kwenye kitanda na kuiwasha mashine kwa mwendo wa katikati. Sarafu ilisimama kwa muda kisha ikalala, na nikaridhika, kwa sababu ile ya kwanza ingeirusha.

Nimeitumia kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mapungufu yake ni haya. Mizunguko 500 bado ni mingi kwa kipande cha inchi 10 kilichopinda, kwa hiyo nakata pembe kwa msumeno kwa uangalifu mkubwa kabla ya kufunga. Kubadilisha mwendo kunataka kufungua mlango, kulegeza mota na kuhamisha mkanda, na mtu mvivu, ambaye ni mimi, huishia kukereza kila kitu kwa mwendo mmoja. Mguu wa meza hauingii. Nilipohitaji miguu ya meza niliikereza vipande viwili na kuviunganisha kwa ulimi ndani ya pete ya pambo, na mteja hakugundua mpaka nilipomwonyesha.

Kuna mashine ndogo za daraja hili zinazobadilisha mwendo kwa kitufe cha kuzungusha bila kugusa mkanda, na wale wenye ndugu Marekani mara nyingi huuliza kama wazitumiwe. Itazameni karatasi ya vipimo kabla ya jina. Jet JWL-1221VS hushuka hadi mizunguko 60 kwa dakika, na huo ni mwendo wa raha kwa anayeanza. WEN 3421, ambayo ni ndogo na rahisi zaidi, haishuki chini ya 750, lakini kwa kuwa uwezo wake ni inchi 8 tu inaeleweka. Tatizo ni umeme. Kule ni volti 120 na hezi (marudio ya mkondo kwa sekunde) 60, huku ni volti 230 na hezi 50. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi. Mashine yenye mota ya kawaida isiyo na kidhibiti cha elektroniki, iliyoandikwa mizunguko 1,725, itazunguka takriban 1,440 ikiletwa huku, na itapata joto zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Ukijumlisha usafiri, ushuru na transfoma yenye uwezo wa kutosha, unafuu unayeyuka.

Juu ya fedha, kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba bei ya mashine ndiyo bei ya kazi. Nilikuwa nimetenga shilingi 1,500,000 na nikataka kuzimalizia zote kwenye mashine moja kubwa. Kwa jinsi ninavyoelewa sasa, nusu ya fedha hizo haikuwa ya mashine kabisa. Ilikuwa ya chaki ya taya nne, ya kioo cha kufunika uso mzima na si miwani tu, ya mashine ya kunolea yenye jiwe jeupe, na ya patasi chache za chuma kigumu kinachostahimili joto. Usinunue seti ya patasi 8 ndani ya kisanduku cha mbao chenye kitambaa chekundu. Ni nzuri kwa kutazama, lakini nyingi ni za chuma cha kawaida, kikigeuka bluu kwenye jiwe la kunolea ugumu wake umekwisha. Bobari (patasi yenye mfereji) moja pana ya kusawazishia miti mirefu, bobari moja ya mabakuli yenye mfereji wa kina, patasi moja ya kukatia, na moja bapa ya kukwangulia zinatosha kwa mwaka mzima. Na ile bobari pana isiguse bakuli kamwe, kwani shina lake linaloingia kwenye kipini ni jembamba na hukatika.

Kwa kujifunzia, mwembe uliokatwa juzi hauna mpinzani hapa kwetu: ni mlaini, unapatikana bure pale mtu anapoangusha mti uani, na patasi kali ikiugusa unatoa utepe mrefu wenye maji unaokurukia kifuani na kuacha harufu ya embe bichi kwenye shati. Ukiona vumbi badala ya utepe, rudi kwenye jiwe la kunolea. Vipande vya mtiki kutoka upande wa Muheza, ambako kuna shamba la miti la Longuza, ni vizuri na huwa vikavu, ila vina mchanga wa asili ndani yake unaomaliza makali upesi. Mvule nauheshimu kwa mbali: mara kwa mara una mawe kabisa ndani ya mti, madonge ya chokaa magumu yasiyoonekana kwa nje, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Mpingo uache mpaka ujue kunoa.

Mavazi nayo yahusishwe na uchaguzi wa mashine, maana mashine fupi hukaa karibu na mwili. Mikono mirefu, mtandio, kanzu, lebasi yoyote yenye ncha inayoning'inia ivuliwe au ifungwe. Mimi nakereza kwa shati la mikono mifupi na aproni iliyofungwa nyuma.

Miezi miwili iliyopita mkanda wa mashine yangu ulianza kutoa nyufa. Si ule wa V aliokuwa nao fundi wangu. Ni mwembamba, bapa, wenye mifereji midogo ndani. Niliupeleka kwa muuza vipuri vya magari, akanitolea wa gari uliofanana nao kabisa kwa macho, lakini mifereji ya ule wa gari ni mipana zaidi na haukukaa kwenye puli. Ilibidi nisome namba iliyochapwa mgongoni mwake kwa tochi na kuiagiza Dar es Salaam, na kwa siku kumi na moja banda lilikuwa kimya. Nimeagiza miwili. Wa pili unaning'inia msumarini juu ya mashine, na karibu yake nimeandika namba yake ukutani kwa kalamu ya seremala, kwa sababu namba za mgongoni hufutika.